Sura ya Nne: Riwaya itanisaidia nini, na shule nilishamaliza?

Swali hili huulizwa na watu wazima wenye akili timamu na shughuli nyingi. Huulizwa na fundi cherehani ambaye sare za shule zimemjaa mezani, na mhasibu anayefunga hesabu za mwezi, na mama anayetoka kazi za ofisini akaingia za nyumbani. Kitabu cha ujasiriamali wanakielewa, kwa sababu kina njia ya kupata hela. Kitabu cha dini wanakielewa zaidi. Lakini riwaya, yaani hadithi ndefu ya kubuni iliyoandikwa kwa nathari, inayohusu watu ambao hawajawahi kuzaliwa? Ya nini kukesha na mambo ya kutunga wakati ya kweli yenyewe hayajatuishia?

Ni swali la haki, na sisi wapenzi wa vitabu tumekuwa tukilijibu vibaya. Tunasema kusoma kunapanua mawazo, tunanyamaza, na aliyeuliza anaondoka na swali lake. Katika sura hii nitajibu kwa vitabu vyenyewe. Vingi nimevichagua kwa makusudi miongoni mwa vile ambavyo huenda uliwahi kukutana navyo darasani, ukafanyia mtihani, ukaagana navyo.

Nieleze neno moja kwanza. Ninaposema fasihi nina maana ya sanaa inayotumia lugha: riwaya, hadithi fupi, ushairi, na tamthilia, yaani mchezo wa kuigiza. Hadithi za bibi jikoni ni fasihi pia, ila hapa nazungumzia zaidi ile iliyoandikwa.

Kilichotukimbiza

Wengi wetu tulisoma riwaya ya kwanza huku mtihani ukitusubiri. Mwalimu aliandika ubaoni "fani" upande mmoja na "maudhui" upande wa pili. Fani ni namna kazi ilivyoundwa, maudhui ni yale inayoyasema. Tukakariri dhamira, yaani mambo makuu ambayo mwandishi anayazungumzia: malezi, ndoa, rushwa, nafasi ya mwanamke. Wengine hawakukigusa kitabu chenyewe kabisa. Walinunua mwongozo, kile kijitabu chembamba chenye muhtasari na majibu, wakafaulu vizuri tu.

Siwalaumu walimu. Darasa limejaa, nakala hazitoshi, na mtihani wa taifa haungoji mtu. Lakini matokeo yake tunaishi nayo: mtu anamaliza kidato cha nne akiamini kwamba riwaya ni fumbo lenye majibu nyuma ya kitabu, na akishayatoa majibu hana haja nayo tena. Ndiyo maana anauliza itamsaidia nini. Kwa jinsi alivyofundishwa, kazi yake imekwisha.

Lipo pia suala la umri, ambalo halisemwi sana. Vitabu hivi viliandikwa na watu wazima kuhusu mambo ya watu wazima. Tulipewa tukiwa na miaka kumi na saba, hatujalipa kodi ya nyumba, hatujazika mzazi, hatujagombana na mwenza usiku kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie. Tulielewa maneno. Mahali pa kuyaweka maneno hayo hatukuwa napo bado.

"Utengano" mara ya pili

Chukua "Utengano", riwaya ya Mzanzibari Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka 1980. Imesomwa na maelfu ya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Bwana Maksuudi ni mtu mzito, mwenye mali na jina kubwa mjini, na binti yake Maimuna anakua akiwa amefungiwa ndani. Siku moja mama mtu, Bi Tamima, anashikwa na uchungu wa kujifungua, na Maksuudi hataki mkunga aingie nyumbani kwake. Mkunga anaingizwa kwa siri. Mwenye nyumba anaporudi akalijua hilo, nyumba inasambaratika: mke anapigwa na kupewa talaka, na binti anakimbilia mjini, kwenye maisha ambayo hakuna aliyemwandaa kuyakabili.

Kijana wa kidato cha tatu akisoma hapo anakuwa Maimuna. Anamchukia Maksuudi, anashangilia mlango ukifunguka, anaandika kwenye daftari "athari za malezi mabaya". Miaka ishirini baadaye mtu huyo huyo ana binti wa miaka kumi na nne mwenye simu. Akikifungua kitabu kile kile anashtuka, maana safari hii zipo sentensi za Maksuudi ambazo yeye mwenyewe ameshazitamka. Si zote, wala si kwa ukatili ule. Lakini ile "nimesema hapana, na sitaki kuulizwa kwa nini" anaitambua. Hofu iliyo nyuma yake anaitambua pia: mtoto ataharibika, watu watasema, na jina langu litabebwa vijiweni.

Hapo ndipo fasihi inapofanya kazi ambayo semina ya malezi haiwezi kuifanya. Semina ingemwambia asiwe mkali kupita kiasi. Angeitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani na ukali wake, kwa sababu kila mtu anaamini kwamba mkali kupita kiasi ni mwingine. Riwaya haimwambii kitu. Inamkalisha ndani ya nyumba ya Maksuudi mpaka aione sura yake mwenyewe, bila mtu wa kumnyooshea kidole, bila mshenga wala mjumbe wa nyumba kumi. Aibu anaipata akiwa peke yake, na aibu ya namna hiyo mtu anaweza kuifanyia kazi.

Fikiria namna tunavyowajua watu katika maisha ya kawaida. Jirani unaona anavyotoka asubuhi, unasikia anavyosalimia, pengine unasikia mlango ukipigwa usiku. Ya kichwani mwake huyajui. Hata mwenza wako mnayelala kitanda kimoja unamjua kwa anachokisema na anachokitenda, mengine unakisia. Filamu nayo huonyesha sura na matendo. Mwandishi wa riwaya ndiye mwenye ruhusa ya kukuingiza kichwani mwa mtu, ukasikia anachojiambia wakati mdomo wake unasema kingine. Maksuudi wa barazani na Maksuudi wa chumbani unawaona wote wawili ndani ya saa moja. Ukishazoea kuwaona watu hivyo kwenye karatasi, unaanza kuwapa watu hai nafasi hiyo hiyo. Muuzaji aliyekujibu vibaya asubuhi, unaanza kujiuliza ametoka wapi kabla hajafika dukani.

"Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, inapita njia ya karibu na hiyo, na kwangu mimi inauma zaidi. Rosa ni binti wa Ukerewe, na baba yake Zakaria ni mlevi ambaye ukali wake wote kaumalizia kwa binti zake, wasionekane na mvulana. Rosa anakua bila kujua namna ya kuzungumza na mwanaume kama mtu na mwenzake. Anapofika chuoni, mbali na macho ya baba, hana silaha yoyote. Kitabu hiki kilipotoka kiliwastua wakubwa, kikapigwa marufuku, na baadaye kikaja kusomwa mashuleni. Ningependa kila baba mwenye binti akisome kabla binti huyo hajaondoka nyumbani. Nasema kila baba, hata asiyekunywa.

Kwa ufupi, mpaka hapa: kitabu ulichokisoma ukiwa mtoto kilikuwa kinakusubiri ukue. Kinakuonyesha watu kwa ndani, ukiwemo wewe.

Kusadikika na kikao cha Jumatatu

Tutoke nyumbani twende kazini.

Shaaban Robert aliandika "Kusadikika" kikatoka mwaka 1951, wakati Tanganyika iko chini ya Waingereza. Yeye mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali hiyo. Alianza kama karani wa forodha mwaka 1926. Kusadikika ni nchi ya kubuni iliyoko angani. Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na mshitaki wake ni waziri anayeitwa Majivuno. Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kwenda kutafuta mambo ya manufaa kwa nchi yao. Kila mmoja alikwenda, akateseka, akarudi na mapendekezo mazuri. Kila mmoja akatupwa gerezani.

Darasani tuliambiwa hii ni istiari ya ukoloni. Istiari ni kueleza jambo moja kwa sura ya jambo jingine. Ni kweli, na mwandishi aliyekuwa akila mshahara wa serikali ile alikuwa na sababu nzuri ya kuihamishia nchi yake angani. Lakini mtu aliyewahi kufanya kazi mahali penye bosi na mafaili anasoma wajumbe wale sita na kuwatambua mmoja mmoja. Ni yule aliyepelekwa kwenye mafunzo akarudi na ripoti. Ni yule wa stoo aliyesema dawa zinaharibika kwa sababu zinapangwa vibaya. Alipokelewa kwa tabasamu, akaambiwa "tutalifanyia kazi", na mwezi uliofuata akahamishwa.

Faida ya kumsoma Shaaban Robert katika hali hiyo ni ya vitendo kabisa. Mtu aliyefanyiwa hivyo kwa kawaida hufikia uamuzi mmoja kati ya miwili: kwamba yeye ni mjinga, au kwamba wenzake wote ni wabaya. Kitabu kinampa wazo la tatu. Kinamwonyesha kwamba huu ni ugonjwa wa kale wa tawala na taasisi, una hatua zake na dalili zake, na wakubwa wanaoogopa mapendekezo mara nyingi wanaogopa kuonekana walikuwa wamekosea jana. Tena kinamwonyesha Karama alivyofanya: alisimama, akaomba apewe siku sita, akayasimulia mambo kwa mpangilio bila kumtukana mtu, na mwisho wake akashinda, na waliofungwa wakafunguliwa. Nimewahi kumwona mtu mzima akijipanga kwa ajili ya kikao kigumu cha kazini kwa namna hiyo hiyo, jambo baada ya jambo, sauti ikiwa chini. Hakusema amejifunza wapi. Ila "Kusadikika" alikuwa akikijua tangu sekondari.

Vipo vitabu vingine vya kazi na safari ambavyo nitavitaja kwa haraka. "Kuli" cha Adam Shafi, cha mwaka 1979, kinakupeleka kwenye bandari ya Unguja na mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Kitabu cha historia kitakupa tarehe, lakini Shafi anakupa Rashidi, mtoto wa kuli anayekuja kuwa kuli mwenyewe, na unaelewa mtu anafikaje mahali pa kugoma huku akiwa na njaa. "Siku Njema" cha Ken Walibora, kilichotoka Kenya mwaka 1996, kinamfuata kijana Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba. Anayelea mtoto asiyemjua baba yake, au aliyekua hivyo, akisome kile.

Maneno ya siku ngumu

Kuna siku maisha yanakudai maneno na huna. Msiba ni mojawapo.

Umekabidhiwa kuandika wasifu wa mama yako usomwe kesho kabla ya mazishi. Ni usiku wa manane, ndugu wamelala kwenye mikeka uani, na wewe una kalamu na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto. Unaandika kama wasifu wote unavyoandikwa: marehemu alizaliwa mwaka fulani, kijiji fulani, akasoma hadi darasa la nne, akaolewa, akajaliwa watoto sita, akaanza kuugua mwezi wa pili. Kila neno ni kweli, na mama hayumo.

Aliyezoea riwaya anaona kilichokosekana, kwa sababu ameshawaona waandishi wakimleta mtu mbele ya macho kwa jambo moja dogo lililochaguliwa vizuri. Atakumbuka kwamba mama alifunga hela kwenye pindo la kanga kwa mafundo mawili, fundo la sokoni na fundo la ada, na hata wiki ambayo nyumbani walilala na uji, fundo la ada halikufunguliwa. Atauandika mstari huo. Kesho yake ukisomwa, wanawake waliomjua marehemu watatikisa vichwa, na wajukuu ambao hawakumjua vizuri watakuwa wamepewa bibi.

Watu wa pwani walilijua hili zamani sana. Mwaka 1858, katika kisiwa cha Pate kwenye visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa, na alikuwa na binti aitwaye Mwana Hashima. Alimtungia utendi, yaani shairi refu la beti za mistari minne, la kumwachia mafunzo: namna ya kuishi na Mungu, na mume, na watu wa heshima, na watu wanyonge. Anaanza kwa kumwita mtoto asogee karibu, na wino na karatasi. Miaka miwili hivi baadaye mama akafariki. Utendi ukanakiliwa, ukakaririwa na wanawake ambao hawakuwa na undugu naye wowote, kila mmoja akamfundishia binti yake. Wapo wanawake wa leo ambao hawakubaliani na aliyoyasema kuhusu utii kwa mume, na nadhani wana haki ya kubishana naye. Lakini watazame alichofanya mwanamke huyu: alikuwa na wasia wa nyumbani kabisa, na aliona chombo kinachofaa kuubeba ni shairi.

Yasiyo makubwa kama msiba nayo yapo. Barua ya kuomba msamaha kwa shemeji. Neno la mzazi siku ya harusi. Mchango wako kwenye kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, ambapo mmoja amekula hela za wenzake na kila mtu anapiga kelele. Mwenye maneno mengi ya kuchagua anaweza kusema "umetuangusha" mahali ambapo mwenye machache angesema "wewe mwizi", na tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti ya kulipwa na kutolipwa.

Je, kusoma humfanya mtu kuwa mwema?

Hapana, si lazima. Wapo wasomaji wakubwa waliowatesa wake zao, na wapo bibi zetu wasiojua kusoma wenye huruma isiyo na mpaka. Fasihi hukuonyesha, kutenda ni juu yako. Anayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia kitu.

"Sawa, lakini sina muda"

Julius Nyerere alikuwa na nchi changa mikononi mwake, na mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya "Julius Caesar" ya Shakespeare. Mwaka 1969 ikafuata "Mabepari wa Venisi". Sisemi kila mtu afasiri Shakespeare. Nasema tu kwamba mtu mwenye shughuli kuliko wewe na mimi hakuona fasihi kuwa kitu cha kungoja kustaafu. Na tuseme kweli kuhusu simu: muda upo, tunautoa kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka saa sita ya usiku.

Kwa anayetaka kuanza, haya ndiyo ninayowaambia watu wakiniuliza:

- Anza na kitabu ulichokisoma shuleni. Lugha yake unaijua, na utaona mwenyewe ulivyobadilika.
- Weka mwongozo mbali. Usitafute dhamira. Mfuate mtu mmoja katika hadithi na umhangaikie.
- Soma kurasa chache kila siku mahali pamoja: kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, au kabla ya kulala simu ikiwa chumba kingine.
- Kikikuchosha baada ya kukipa nafasi ya kutosha, kiache bila aibu na uchukue kingine. Riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla, za Elvis Musiba na Ben Mtobwa zimewaingiza watu wengi kwenye usomaji, na asiyeziheshimu hajui kazi zilizofanya.
- Soma kwa sauti pale unapopenda, hasa ushairi. Nyumba nzima itasikia, na hilo ni jema.

Hela ya kununua si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Maktaba Kuu ya Taifa ipo Dar es Salaam tangu mwaka 1967, na maktaba zipo mikoani. Kenya, huko Garissa, tangu mwaka 1996 vitabu vimekuwa vikipelekwa kwa wafugaji kwa migongo ya ngamia. Wauzaji wa vitabu vilivyotumika wapo pembeni mwa barabara za miji yetu, na nakala za zamani za "Utengano" au "Kusadikika", zenye majina ya wanafunzi waliokwishakuwa watu wazima, bado hupatikana hapo. Kopa kwa rafiki pia, ila urudishe.

Basi mwezi huu tafuta kimoja. Kama nyumbani kuna kijana wa sekondari anayekisoma kwa ajili ya mtihani, someni pamoja, sura mbili mbili kwa wiki, kila mmoja kwa wakati wake. Mkikaa kuzungumza usimuulize dhamira, hiyo ataulizwa na mwalimu. Muulize yeye angekuwa Maimuna angefanya nini, kisha umwache aseme mpaka amalize, na akikuuliza wewe ungekuwa Maksuudi ungefanya nini, mjibu kweli.